Keki ya Asali na Neno Nililonyimwa

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, na mpaka leo ikinijia nasaga meno. (Usinicheke, wewe unayenisoma, kwa kukuita mwanangu wakati binti yangu mwenyewe bado ananyonya. Aliyetangulia kuungua vidole ana haki ya kukuonya.)

Kesho yake tulikuwa tunambatiza huyo binti. Mama mkwe anakuja na treni kutoka Kaliua, na alishautangazia ukoo mzima kwamba mkwe wake anajua kuchezea simu tu. Nikaapa: atakula keki ya asali niliyopika mimi, na atanyamaza.

Namna ya kuipika nilielekezwa na jirani yetu hapa mtaani Cheyo, Mama Doto, anayeuza keki sokoni. Nilimwamini kama dada. Nikafuata kila neno: maziwa kikombe kizima, makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko. Nikafunua. Juu nyeusi tii kama masizi, ndani uji. Nikarudia, yaleyale. Mayai yakaniishia.

Nikabeba mtoto mgongoni, nikatoka kwenda kumvua Mama Doto kilemba sokoni, watu waone. Hasira hasara, najua, lakini siku hiyo nilikuwa tayari kwa hasara yoyote. Nilipokatiza mtaa wa Gongoni nikaitwa na Bi Mwajuma, bibi anayepika mikate ya kumimina tangu mama yangu hajazaliwa.

"Wewe! Hata shikamoo hamna?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unatweta kama punda aliyebebeshwa maji?"

Nikamweleza yote. Akacheka. Mimi nalia, yeye anacheka!

"Asali ina maji yake, mjukuu wangu, na inaungua upesi kuliko sukari. Mwenzio anajua hilo. Kaliacha makusudi."

"Basi nifundishe wewe, bibi. Na mimi nikishajua, simwambii mtu! Wakome!"

Kicheko kikakatika. "Nenda zako."

"Bibi, ubatizo ni kesho!"

"Nenda. Mimi nilifundishwa na mwanamke ambaye si ndugu yangu wala si wa dini yangu. Wewe umenyimwa na mtu mmoja, sasa unataka kuwanyima mji mzima?"

Nikabaki nimesimama juani, mtoto analia mgongoni. Kujishusha sikuzoea.

"Nitamfundisha kila atakayeniuliza," nikasema.

"Hata akija binti wa Mama Doto?"

Nikamkaza mtoto mgongoni. Machungu! "Hata yeye."

Ndipo akanisogezea kigoda, akaniletea na mayai ya kuku wake. Maziwa tukayapunguza, nusu kikombe tu. Makaa ya juu tukaweka machache, tena pembeni mwa mfuniko. Hatukufunua mpaka harufu ilipofika barabarani.

Jumapili mama mkwe akala kipande, akaomba kingine. "Kakupikia nani?"

"Mimi, mama."

Akakimaliza hicho cha pili. Kisha, kwa sauti ya chini: "Utanifundisha?"

Nikamfundisha, mwanangu. Maziwa, makaa, kila kitu.

Sasa juzi mtu ananiandikia hapahapa kwenye blogu: "Dada, ukimwaga siri zote, utabaki na nini?" Nimekasirika mpaka chai imepoa. Nitabaki na watu, bwana! Watu wanaogonga mlango wangu na sufuria zao mkononi. Unadhani nilitaka kubaki na kijiko?

Basi shika haya. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukiulizwa njia, sema yote, na pale panapoharibika paseme kwanza. Ukinyimwa, kasirika, ruhusa nakupa; lakini usiurithi uchoyo wa aliyekunyima. Nenda mlango wa pili, piga hodi. Wanaofundisha wapo, na wewe utakuwa mmoja wao.

Mungu akupe mkono mwepesi, makaa makavu, na nyumba isiyokosa walaji.