Chupa ya Maji Niliyochota Juu ya Bomba

Admin, ukiposti hii lifute jina langu kabisa, maana huku Babati tunajuana hadi kuku. Nina miaka sitini na sita, nina wajukuu, na kanisani nakaa benchi la mbele. Nalitaja hilo benchi makusudi, ili mjue mnayemshauri ni mnafiki wa aina gani.

Miaka ya themanini, ule wakati wa kupanga foleni ya sukari, nilikuwa nimeolewa karibuni, upande wa Singe. Juu yetu kulikuwa na kiwanda kidogo cha ngozi. Bomba lake la uchafu lilimwaga moja kwa moja kwenye mto tuliokuwa tunachota, maji meusi yenye povu, yananuka mpaka unakula ugali umeziba pua. Mume wangu, nimwite Baba Emanueli, alifanya kazi kiwandani hapo. Wenzetu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Sisi tulikuwa na sabuni ya mche, maana wafanyakazi walipata mgao. Niliringa sana na sabuni ile, sitawadanganya.

Aliyekaa karibu zaidi na bomba alikuwa jirani yangu, nimwite Mama Restituta, ananizidi miaka michache. Mume wake ndiye aliyeanza kulalamika. Alikwenda ofisini mara nyingi hadi kamati ya maji ikaundwa, na mimi nikawa katibu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Tukadai mambo mawili: kiwanda kichimbe shimo la uchafu wake, na tope lote litolewe mtoni. Bwana maji akaja kutoka mkoani. Akasema atapeleka maji yakapimwe, na yakionekana mabaya, kiwanda kitafungwa mpaka mto usafishwe.

Kufungwa. Jioni ile Baba Emanueli akaniambia, "Kikifungwa hiki, mke wangu, tunarudi kwa baba kulima mahindi yake."

Kesho yake bwana maji hakutaka kukanyaga tope. Alikaa kwa balozi wa nyumba kumi anakunywa chai isiyo na sukari, akanipa chupa. "Binti, kachote pale chini ya bomba, ujaze."

Nikapita bomba, nikapanda juu, nikajaza maji safi. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyenituma. Nisingizie nani?

Majibu yakaja kwamba maji hayana tatizo. Shimo halikuchimbwa, tope likabaki, na mume wa Mama Restituta akaitwa mzushi anayetaka kuua viwanda vya taifa. Miezi haikupita mingi, ng'ombe wao watatu wakafa. Kisha mimba ya Mama Restituta ikaharibika, kubwa kabisa, mtoto wa kiume.

Wasio wa huku labda hamjui. Sisi Wairaqw tangu zamani, nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo hutengwa. Huendi kwao, hawaji kwako, hawaombi moto kwa jirani, hawachoti maji pale wengine wanapochota. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, lakini mambo ya mto yalikuwa na wenyewe. Wazee wakasema: kama serikali imepima na maji ni mazima, basi nyumba hii ndiyo imewaudhi pepo wa mtoni. Wakaamriwa watoe kondoo. Kondoo akachinjwa, mto ukafanyiwa tambiko, ukahesabiwa umesafishwa. Bomba likiendelea kumwaga, hatua thelathini kutoka pale! Na wao wakaambiwa wachote chini kabisa, kule uchafu wote unakoshukia.

Mimi nilisimama pale na kanga yangu iliyofuliwa ikang'aa. Nikatikisa kichwa kama wengine, eti namhurumia.

Kiwanda kilikuja kufa chenyewe kwa kukosa spea. Mvua zikasukuma tope, samaki wadogo wakarudi. Mume wa Mama Restituta alifariki akiwa bado anaitwa mzushi. Nilimpikia msiba.

Sasa sikieni. Mjukuu wangu, mtoto wa Emanueli, anataka kuoa mjukuu wa Mama Restituta. Watoto wamesoma, wanapendana, hawajui lolote. Baba Emanueli kakataa katakata. "Nyumba ile ilichafua mto. Damu hiyo haiingii kwangu." Nikamwambia hayo ni ya zamani. Akanijibu, "Wewe si ulikuwa katibu? Si maji yalipimwa yakaonekana mazima? Basi shida ilikuwa kwao."

Mwanamume niliyemlindia kazi ndiye anayenirudishia uongo wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita Mama Restituta alikuja kwangu na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitika, "Marahaba, mama." Kasema Jumapili baada ya ibada wazee watakaa juu ya uchumba huu, na ameomba mimi niseme upande wake, kwa sababu nilikuwa kwenye kamati na mimi ni mtu wa haki. Nikamuuliza anataka niseme nini.

Akasema, "Waambie yule binti hana kosa. Kosa lilikuwa langu. Sijui niliukosea nini ule mto, lakini nimeshakubali kwamba mwanangu nilimuua mimi."

Nikamkorogea uji. Ndicho nilichofanya, wapendwa, nikamkorogea uji.

Nikisema, nampoteza mume wa miaka zaidi ya arobaini, na Mama Restituta atajua nani alimwacha azike mtoto na jina la mumewe. Nikinyamaza, binti ataachwa, na huyu mama ataingia kaburini akiamini alichokiamini. Tafadhali msiniambie niombe, kuomba nimeomba tangu bomba lile linamwaga. Jumapili ni keshokutwa na atakaa pembeni yangu. Nishaurini, nimwambie yeye kwanza tukiwa wawili, au nisimame mbele ya wote asikie pamoja nao?