Duara Alilolichora Kiguu na Njia

Kiguu na Njia hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Tangu akiwa winga wa kulia alikuwa hakai mahali; kocha akimwambia arudi kukaba, yeye keshafika kwenye kibendera cha kona. Goti lilipomstaafisha akawa kocha, na huko nako waamuzi walichoka kumrudisha ndani ya mstari wake. Klabu zikamwajiri, klabu zikamfukuza, mpaka televisheni ikamwokota. Fundi wa studio alimnyang'anya kiti cha kuzunguka akampa chenye miguu minne, maana watazamaji walikuwa wakipata kizunguzungu.

Uchambuzi ulimlipa vizuri na kumtesa vizuri. Kuuzungumzia mpira bila kuugusa kulimwasha mwili kama upupu.

Jumamosi hiyo ilicheza klabu yake ya zamani, na kocha wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, beki aliyemlinda mgongo miaka yote ya uwanjani. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ametangaza bila haya: wakifungwa leo, kocha anaondoka. Asubuhi dada alipiga simu.

"Kaka, leo punguza maneno."

"Mimi nasema ninachokiona, dada. Mengine sina."

Mapumziko yalifika shemeji akiongoza kwa bao moja. Mtangazaji akamuuliza ameona nini. Kiguu na Njia aliinuka, kama kawaida yake, akaenda kwenye kioo kikubwa na kuchora duara kwa kidole, upande wa kushoto wa timu ya shemeji yake.

"Hapa pana tundu. Beki akipanda, harudi. Ukimpitishia mpira hapa mtu mwenye mbio, hilo ni bao."

Akaeleza, akarudia, akaweka na mishale. Alikuwa na furaha ya kweli. Kwa dakika zile alikuwa tena uwanjani.

Alichosahau, na mtu aliyewahi kuwa kocha hana haki ya kukisahau, ni kwamba hata vyumba vya kubadilishia nguo vina televisheni. Wageni walirudi na mchezaji mpya mwenye mbio, wakapita mle mle, mara mbili. Kocha wao alipohojiwa alicheka. "Tumshukuru mchambuzi wenu," alisema.

Kabla jua halijazama shemeji hakuwa na kazi, na simu ya Kiguu na Njia ilikuwa inalia.

"Wewe ndiye uliyeona," mwenyekiti alimwambia. "Njoo uchukue timu."

Miguu ilimcheza. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na alijichukia kwa kuitaka. Akaomba muda wa kufikiri, akaenda kwa dada yake.

Dada alimfungulia mlango bila salamu. Sebuleni shemeji alikuwa akiurudia mchezo, picha imesimamishwa kwenye lile duara.

"Shemeji, nimekuponza. Sikukusudia."

"Najua." Shemeji hakugeuka. "Lakini unadhani mimi sikuliona? Beki wangu nyonga inamsumbua tangu wiki iliyopita, na wa kumbadilisha sina. Kipindi kizima cha kwanza tulipeleka mpira kulia, ili wasipate hata nafasi ya kutazama kushoto."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile ilikuwa imekaa kwenye benchi, imefunga mdomo wake. Kiguu na Njia alisimama katikati ya zulia, aibu ikimpanda hadi masikioni. Simu ikalia tena. Wote watatu wakajua ni nani.

"Pokea," shemeji alisema. "Na ukienda huko, yule beki usimkalipie. Anacheza na maumivu."

Dada alikuwa akiitazama miguu ya kaka yake, ambayo tayari ilikuwa imeelekea mlangoni.

Akapokea. "Mwenyekiti, tundu lile mimi siwezi kuliziba," alisema. "Najua kulionyesha tu."

Kisha akaizima simu, akavuta kiti karibu na shemeji yake na kumwomba auendeleze mchezo. Wakakitazama kipindi cha pili chote, mabao yote mawili, na Kiguu na Njia hakuinuka.