Mwaka Niliousoma Likizo

Mama yangu si mtu wa kujisifu, lakini mwaka ule alijisifu mpaka majirani zetu wa Makongeni wakachoka. Kila aliyekuja mlangoni kununua viazi karai alielezwa, atake asitake, kwamba mimi, binti yake mkubwa, nimemaliza kidato cha nne nikiwa na mwaka mzima wa diploma tayari. "Huyu haanzi na wenzake," mama alikuwa akisema huku akigeuza viazi, "huyu anaingia moja kwa moja mwaka wa pili." Mimi nilikuwa ndani naosha vyombo na kujitia sisikii. Nilikuwa nasikia kila neno, na nilikuwa nafurahi.

Mpango wenyewe ulikuwa halali. Chuo kimoja cha kulipia, upande wa Donholm, kilikuwa kinawapokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo. Unasoma yuniti chache, unafanya mtihani, matokeo yanawekwa. Ukimaliza shule na kujiunga nao, yuniti zako zinahesabiwa na unaruka mwaka wa kwanza. Nilizimaliza likizo zote za kidato cha tatu na cha nne kwenye madawati yao, wakati wenzangu wakizurura mtaa wa Fedha kwa shangazi zao.

Lakini nyumbani kwetu mwaka ule haukuwa wangu. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule pale barazani, na macho yake yalikuwa yanakufa. Presha ya macho, daktari alisema, na kinachopotea hakirudi, dawa zinachelewesha tu. Viazi vya mama vilitulisha, karo ilitoka kwenye cherehani. Tulikuwa wasichana wawili, na cherehani moja isingeweza kusomesha wawili chuoni kwa pamoja, kwa hiyo tulikwenda kwa zamu. Nikiruka mwaka, ningemaliza wakati mdogo wangu anatoka sekondari, naye angeingia chuoni baba bado anaona. Nisiporuka, angekaa nyumbani kunisubiri, na macho yasingemsubiri. Watu wazima hawakulisema jambo hilo. Alilisema mdogo wangu, ambaye mdomo wake hauna breki.

"Manze, usizubae na hiyo college," aliniambia siku moja tukianua nguo. "Macho ya buda haingojei mtu."

Nilimtandika kofi la mgongo kwa kumwita baba buda. La macho nililiacha, nikaendelea kuanua.

Mimi nilitaka uuguzi. Nilikuwa nikimpeleka baba kliniki ya macho, na kulikuwa na nesi mmoja pale aliyemtia matone taratibu, akimwita mzee wangu, bila kumfokea kama wale wengine. Nilimtazama yule nesi nikajua kazi yangu ni ile. Sikuwa na mpango wa pili.

Siku ya kujiandikisha mama alivaa buibui lake la harusi za watu. Msajili alikuwa mwanamke mtaratibu. Alisoma matokeo yangu kwenye kompyuta, akanipongeza, halafu akayapitia tena.

"Umepita vizuri sana," alisema. "Lakini hizi zote ni yuniti za biashara. Uwekaji hesabu, ununuzi, usimamizi wa ghala. Kwa uuguzi hakuna hata moja inayoingia. Utaanza first year kama wengine."

"Si amesoma hapa hapa kwenu?" mama aliuliza. "Mwaka si ni mwaka?"

"Ni kweli amesoma, mama. Ila mwaka wa biashara unahesabiwa kwa biashara tu."

Nilijua hasa tulipokosea. Masomo ya mwili wa binadamu yalikuwa asubuhi. Kwetu sisi asubuhi za likizo ni za madrasa, na jambo hilo halina mjadala. Kwa hiyo mama nami tulitafuta masomo yanayoanza baada ya adhuhuri na kuisha kabla ya magharibi, tukachukua yaliyokuwepo. Tulifurahi kwamba saa zimekubaliana na swala. Hatukuuliza yanaelekea wapi, kama mtu anayenunua viatu kwa kupenda rangi.

"Akichukua biashara anaingia mwaka wa pili Jumatatu," msajili alisema. "Akitaka uuguzi, anaanza mwanzo. Ni yeye aamue."

"Naanza mwanzo," nilisema kwa ukali. "Andika uuguzi."

Mama hakunitazama. Yule msajili alitutazama sote wawili, akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Rudini kesho," alisema. "Kitu kama hiki hakiandikwi kwa hasira."

Njiani nilibishana peke yangu. Nilisema nani alikaa na joto lile la madarasa ya mabati, ni mimi au ni mtu mwingine? Nilisema mdogo wangu ana miguu na mikono, atajitafutia. Nilitaka mama anitukane ili nipate pa kumrukia. Tulipofika karibu na nyumbani akasema tu, "Mdogo wako ataelewa." Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua hataelewa, na sikuona kwa nini aelewe.

Baba alikuwa barazani. Alitutambua kwa nyayo, akacheka kabla hatujamsalimia. "Ingia ndani," aliniambia, "kuna kitu chako kitandani."

Ilikuwa gauni nyeupe ya nesi. Aliishona kwa siri, hata mama hakuwa na habari. Nikaivaa. Baba yangu alikuwa fundi wa kufumua upindo mzima kwa ajili ya tundu moja la sindano lililokwenda upande. Mshono wa gauni ile ulitangatanga kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mkono wa kushoto ulishonwa ndani nje, nyuzi zinaning'inia. Mfuko wa kifuani alikuwa ameuzungushia mshono pande zote nne, hata mdomoni. Nikakumbuka sare zilizokuwa zikirudishwa siku zile, ambazo alituambia wazazi wamebadilisha saizi. Tulikuwa tukihesabu miaka, na macho yalikuwa yamekwisha kwenda.

Nilitoka nikasimama mbele yake.

"Imekukaa?"

"Imenikaa, baba."

"Geuka."

Niligeuka. "Mashallah," alisema, akitazama kando yangu kidogo.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, na mdogo wangu ametoka shuleni, bado na sare yake, ameinama juu ya kitabu cha kemia. Aliinua macho akaona ule mkono wa gauni, akafungua mdomo, halafu akaufunga.

"Kesho turudi," nilimnong'oneza mama. "Waandike biashara. Nimalize upesi, karo ya huyu niilipe mimi." Nilichukua kisu cha pili nikaanza kumenya, kwa sababu ningesimama tu ningelia, na baba alikuwa anasikia kila kitu.

"Mwanangu!" aliita kutoka nje. "Huo mfuko nimekuwekea wa kalamu. Manesi huweka kalamu hapo. Hebu jaribu, inaingia?"

Mama na mdogo wangu wakanitazama. Niliweka kiganja juu ya ule mfuko.

"Imeingia, baba," nikasema.