Siku Nyanya Alipokaa Kwenye Kona

Wiki jana nilimpeleka baba kliniki ya macho. Tulipokuwa tukirudi kwa barabara ya Ngong akaniuliza tumefika wapi, maana jicho moja lilikuwa limefungwa na lile jingine halimsaidii sana. Nikamwambia tumefika pale palipokuwa uwanja wa mbio za magari. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi niegeshe gari kando. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, kwa sababu siku moja pale uwanjani ndiyo iliyoamua nikulie wapi, na sehemu ya habari yenyewe sikuijua mpaka wiki jana.

Miaka hiyo ya sabini tulikaa Laini Saba, Kibera, chumba kimoja cha mabati, karibu sana na reli, treni ikipita vikombe vinagongana kwenye rafu. Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka minane na kikohozi kisichosikia dawa.

Kikohozi hicho ndicho kilichomleta nyanya, mama yake mama, kutoka ziwani. Alishuka kwenye basi na kikapu cha samaki wakavu na neno moja tu: huyu mtoto narudi naye. Mji umejaa moshi, alisema, na nyumba inayotetemeka si ya kulelea mtoto. Tena alikuwa anakaa peke yake, na kwetu si ajabu mjukuu kwenda kuishi kwa nyanya yake.

Hakulala kwetu hata usiku mmoja. Sisi Wajaluo, wakati huo, mama mkwe na mume wa binti yake walikuwa wanaheshimiana mpaka basi. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Sasa katika chumba kimoja wangejificha wapi? Kwa hiyo nyanya alifikia Kawangware, kwa mama mdogo, aliyekuwa amepanga kwenye ploti ya Mkikuyu mmoja mfuga ng'ombe. Kila neno kati yake na baba lilipitia kwa mama. Wiki nzima mama alikuwa njiani kwa miguu, anapeleka "amesema" huku, anarudisha "amesema" kule, na jioni anakanda magoti huku akiwalaani wote wawili kimyakimya.

Baba hakutaka niende. Lakini utabishana vipi na mtu ambaye hata kumsalimia huwezi? Nyanya alikuwa ameshakata shauri, tungepanda basi Jumanne. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa ndani ya kiondo. Nyanya nilimpenda sana, ila nikiwaza kulala mahali ambapo sisikii baba akikoroma, chakula kilikuwa hakishuki. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo baba akaja na wazo lake: Jumapili, baada ya kanisa, twende wote tukaone magari ya mbio. Mama alimtazama kama aliyepatwa na homa. Lakini baba alikuwa amefikiri. Uwanja ulikuwa kati ya Kibera na Kawangware, mkubwa, wazi, na mtu angeweza kwenda matembezi na mama mkwe wake bila kukutana naye. Wao waje kwa upande wao, sisi kwa wetu. Alitaka nyanya aone kwamba mji una raha zake pia, labda moyo wake ulegee.

Mama aliamka alfajiri kupika chapati. Alichemsha mayai, akafunga chai kwenye chupa na kuizungushia taulo. Nilivalishwa gauni la Krismasi. "Ukichafua hiyo nguo utaniona," mama akaniambia, na kabla hatujavuka reli lilikuwa tayari na doa la mafuta ya chapati.

Matajiri walikaa kwenye viti chini ya miavuli, wazungu na Wahindi, na vikapu vya chakula vya kulisha harusi. Sisi wa Kibera na Kawangware tulijaa kwenye mteremko nje ya kamba. Magari yalikuwa madogo, yamelala chini kama mende, na yakipita unasikia mlio tumboni kabla ya masikioni. Harufu ya petroli na mpira ulioungua ilichanganyika na mahindi ya kuchoma. Sijawahi kunusa kitu kitamu kama kile.

Baba alitangulia kukaa, na kwa kuwa ni fundi alichagua pazuri, juu, mbali na hatari. Nyanya alipofika na mama mdogo akamwona mkwewe kwa mbali, akafunika kichwa kwa leso na kugeukia upande mwingine. Alitembea mpaka akaona umbali umetosha heshima, akatandika leso nyingine, akakaa. Alikuwa amekaa nje ya kona kali kuliko zote. Watu walikuwa wamepaacha wazi, naye akafurahi kwamba hapana msongamano.

Baba aliona. Akaniita. "Enda kwa mama, ako pale kwa mahindi. Mwambie amwambie nyanya yako atoke hapo kwa kona. Gari ikiteleza inaenda hapo hapo. Mbio!"

Nilikimbia, lakini mama alikuwa kwenye foleni ndefu na nyanya alikuwa karibu zaidi, nikaona nifupishe safari. Nyanya akanipokea kwa yai. Akanikalisha kwenye leso, akaniuliza kama nimekohoa leo. Ujumbe wa baba ukaishia kwenye lile yai, nami nakuungamia hivyo hivyo ilivyokuwa.

Kijana mmoja karibu nasi akapiga kelele, "Cheki hiyo! Cheki hiyo imetoka!" Nilipoinua macho gari jekundu lilikuwa linatujia kwa ubavu. Lilirusha matairi makuukuu yaliyopangwa pale, vumbi likatumeza, na nyanya akaniangusha chini akanilalia. Nilisikia kishindo, halafu kimya.

Gari lilikuwa limezama mtaroni, hatua kama sita kutoka kwenye leso. Dereva alitoka mzima, akisema pole mama, pole mama. Mama mdogo alikuwa anapiga yowe. Halafu baba akatokea ndani ya vumbi na kiatu kimoja. Alimshika nyanya mabega yote mawili, akamwinua, akamtazama usoni.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia, baba," nyanya akamjibu.

Mama alikuwa amefika na mahindi mikononi, amesimama kama nguzo. Gari halikumshangaza tena. Alikuwa anaitazama ile mikono ya mumewe. Nayo mikono ikagundua mahali ilipo, ikaruka kama iliyoshika sufuria ya moto. Nyanya akajifunika kichwa, baba akageuka kutazama mawingu, na mama mdogo akapasuka kicheko, akifuatwa na sisi sote. Tulicheka huku tunalia, tunapapasana kuhakikisha kwamba kila mtu yuko.

Jioni ile mama alirudi kutoka Kawangware na "amesema" ya mwisho. Nyanya amesema mtoto abaki. Mwanamume anayekimbilia mtoto wake hivyo, hata heshima ikamponyoka, huyo hanyang'anywi mtoto. Nikamwaga nguo zote za kiondo kitandani. Usiku nilimsikiliza baba akikoroma na nikaona raha mwili mzima. Kikohozi kiliisha chenyewe mwaka uliofuata, na baba alimpelekea nyanya mbuzi wa kurekebisha ile heshima iliyovunjika.

Mteremko ule siku hizi ni maghorofa. Nyanya alishazikwa, mama mdogo vilevile, na ploti ya mfuga ng'ombe ina duka la simu. Mama yangu mwenyewe hukaa sebuleni kwetu na kugombania rimoti na mume wangu. Ni vizuri, sikatai. Lakini sijui kama kuna mtu bado anaweza kumheshimu mwenzake kwa kukaa mbali hivyo.

Baba alipomaliza kucheka nikamwambia, "Baba, siku hiyo uliniokoa. Bila zile mbio zako ningekulia ziwani."

Akapangusa lile jicho lisilofungwa. "Wewe sikukuona," akasema. "Nilijua uko na mama yako kwa mahindi. Nilimwona nyanya yako tu, ameketi pale kwa kona kwa sababu yangu."

"Na hukumwambia? Miaka yote hiyo?"

"Ningemwambia aje?" baba akasema. "Si tulikuwa hatuongei."