Utumbo wa Funza wa Mtende

Funza waliula kwa ndani mtende wa shangazi yangu, huko Izki. Sumu hakuitaka, maana falaji, mfereji wa maji ya mji mzima, hupita shinani pake. Tukaukata, naye akaapa hatapanda tena. Mimi mzururaji nilihuzunika, kwani kila nikirudi kivuli kile ndicho kilichonipokea.

Binti yake anasoma elimu ya viumbe chuoni Nizwa. Alimpasua funza mmoja, akatuonesha utumbo.

"Humu mna jeni za kusaga mti. Tukiipata jeni inayofaa kuzimwa, funza atakula na asishibe, na maji hayaguswi."

"Kama wewe na wali wangu," shangazi akamjibu.

Nilicheka. Asubuhi nikamkuta shangazi anachimba shimo, chipukizi la mtende wa jirani liko kando.

"Usinitazame, baba. Shika jembe."