Tiketi za Kiti cha Kaka Yangu

Kwa misimu minane nilikuwa dalali wa kiti kimoja. Kilikuwa cha plastiki, nambari kumi na tisa, safu ya pili, chini ya paa la uwanja wa mpira wa magongo wa klabu ya mji wetu, Nizwa. Kiti cha kumi na nane kilikuwa cha baba yangu. Cha kumi na tisa kilikuwa cha kaka yangu, ambaye hakukikalia hata siku moja.

Mwishoni mwa miaka ya tisini klabu ilipata mfadhili mwenye pesa na mwenye kelele. Ikaleta wachezaji wa kulipwa kutoka Pakistan na Misri, ikajenga paa la mabati upande wa magharibi, na chini ya paa ikapanga viti vyenye nambari. Viti hivyo viliuzwa kwa msimu mzima. Ukilipa unapewa kitabu chembamba cha tiketi, kila ukurasa mechi moja, unachana na kumpa mlinzi wa lango. Asiyetaka kulipa alikaa bure kwenye ngazi za saruji upande wa pili, jua likimpiga usoni.

Baba alinunua vitabu viwili siku ya kwanza. Alizaliwa Tabora, akafanya kazi reli, na huko Magoa na Makalasinga wa relini ndio waliomfundisha kushika gongo. Mpira wa miguu aliudharau waziwazi. Alisema ni mchezo wa watu wasiojua kazi ya mikono. Kaka yangu aliurithi wazimu huo tangu mdogo, wakawa hawakosi mechi, wawili wao kwenye ngazi za saruji na chupa moja ya maji ya Tanuf. Kisha kaka akapata nafasi ya kusomea ufamasia Uingereza, akaenda. Mwaka uliofuata ndipo viti vikaja.

"Akirudi likizo akute pahala pake," baba alisema.

Nami nikapewa kazi ya kuuza tiketi zake akiwa hayupo. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, nina leseni, nina gari, sina mume bado, kwa hiyo kila kazi ya nyumbani isiyo na mwenyewe ilikuwa yangu. Baba aliniwekea sharti. Kitabu cha kaka nisikiuze chote. Niuze mechi moja moja, tena siku yenyewe, baada ya adhuhuri.

"Kwa nini tusimuuzie mtu msimu mzima tukapumzika?" nilimuuliza.

"Na ndugu yako akitokea Alhamisi moja bila kusema? Nimwambie kiti nimeuza?"

Hakuna mtu anayetokea Nizwa kutoka Uingereza bila kusema. Lakini baba hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu kaka. Basi kila Alhamisi ya mechi, tukishakula, nilisubiri simu ambayo haikulia, kisha naanza kuwapigia watu mimi. Nilikuwa na orodha yangu: mwalimu mmoja Mmisri, daktari wa meno wa Kihindi, vijana wawili wa benki, na fundi cherehani, Mbaluchi mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akinishonea abaya zangu. Aliyekubali alikutana nami nje ya uwanja, nikashusha kioo cha gari, nikampa ukurasa, akanipa riyali yake, akaingia ndani na baba yangu.

Mimi sikuingia. Wanawake hawakukaa chini ya paa. Hakuna aliyeandika hivyo mahali, wala mlinzi hakuwa na amri hiyo, ilijulikana tu. Sisi tulitazama kutoka kwenye magari. Nyuma ya waya, upande wa goli la kaskazini, magari yalipangwa mstari mmoja, pua zikielekea uwanjani, na ndani yake mama, dada na wake, vioo juu, viyoyozi vikiunguruma, mbegu za maboga zikitafunwa. Goli likifungwa hatukupiga makofi, tulipiga honi. Mimi nilikuwa na honi ya hasira kwelikweli, na niliipiga hata refa alipokosea.

Kutoka pale nilimwona baba kwa ubavu: kofia yake, shingo yake nyembamba, mkono uliokuwa ukichora hewani njia ambayo mpira ungepaswa kupita. Na pembeni yake mtu niliyemleta mimi. Kila wiki niliona mtu baki akimwinamia baba yangu, akicheka naye, akipokea nusu ya chungwa alilolimenya. Niseme kweli: niliwaonea wivu wote. Nilikitaka kile kiti. Sikuwahi kutaka kitu cha kaka yangu, si chumba chake, si jina lake analoitwa kwanza baba akiingia mlangoni, ila kile kiti nilikitaka mpaka kifua kiliniuma.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikusema. Wazee wetu walirudi Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kabla ya Nizwa baba alimpeleka mama kwanza Al Qabil, kwenye ukoo wake. Mama alishuka garini na kanga zake, akawaamkia watu kwa sauti, akacheka na kila mtu kama alivyozoea. Jioni ile binamu mmoja akamwambia baba, kwa upole kabisa, kwamba wake za watu waliotoka Afrika ni wachangamfu. Neno lenyewe halikuwa tusi. Baba alilibeba maisha yake yote. Tangu siku hiyo tukawa na adabu kuliko wenyeji: buibui zetu nyeusi zaidi, sauti zetu chini zaidi, milango yetu imefungwa kabla ya ya jirani. Na cha kuchekesha ni kwamba wenyeji wenyewe hawakujisumbua hivyo. Mama yake golikipa wetu, bibi wa Kibedui mwenye barakoa na bakora, aliingia chini ya paa kila mechi bila tiketi, akakaa safu ya mbele kabisa, akamtukana refa kwa sauti, na wanaume wakampisha na kumpa kahawa. Yeye hakuwa na wa kumwogopa. Sisi tuliogopa kwa niaba ya mji mzima.

Kaka alipiga simu kila Ijumaa. Kila msimu alisema atakuja: baada ya mtihani, baada ya kupata kazi, baada ya mtoto kuzaliwa. Baba alikuwa akimsimulia mechi nzima kwenye simu, na nilisikia jinsi upande wa pili ulivyokuwa ukisema "ehe, ehe" kwa mwendo wa mtu anayefanya jambo jingine. Baba akishaweka simu alisema, "Mwezi wa kwanza huu, inshallah." Nami nilikuwa jikoni nikigonga masufuria bila sababu.

Msimu wa sita sukari ikaanza kumla macho. Kwanza alipoteza mpira, akasema waamuzi wamebadilisha rangi yake. Kisha akawapoteza wachezaji wa upande wa mbali. Hakutaka kuacha kwenda. Basi udalali wangu ukabadilika: sikutafuta tena mnunuzi, nilitafuta msimulizi. Niliwahoji watu kwenye simu. Unajua kona inavyopigwa? Unaweza kusema jina la mwenye mpira bila kuchelewa? Daktari wa meno alikuwa anajua kila kitu lakini aliona aibu kusema kwa sauti. Vijana wa benki walikuwa kwenye simu zao. Mwalimu wa Kimisri alikuwa na sauti nzuri, ila alipenda mno kumfurahisha mzee. Siku moja tulirudi nyumbani baba akishangilia ushindi wa matatu kwa moja, na mimi niliyeona kwa macho yangu tumetoka sare nikanyamaza mpaka tulipofika mlangoni. Aliyeweza kweli alikuwa fundi cherehani. Alisimulia taratibu, kwa Kiswahili, na baba akawa anamuuliza yeye wiki nzima kama atakuwa na nafasi.

Nilijua kwamba ningeweza kusimulia kuliko wote. Nilikuwa nimetazama mechi hizo miaka na miaka kutoka nyuma ya kioo, na nilijua kila mchezaji anakimbia vipi.

Alhamisi moja ya msimu wa nane sikupata mtu. Fundi alikuwa Maskati kwa mazishi, mwalimu alisharudi kwao. Tulikaa ndani ya gari nje ya lango, ukurasa wa kiti cha kumi na tisa uko mkononi mwangu. Miaka hiyo mambo yalikuwa yameanza kulegea; wasichana wa chuo kikuu walikuwa wameshaonekana chini ya paa, wanne watano pamoja, na mbingu haikuanguka. Nikasema haraka, kabla woga haujanishika.

"Baba, leo nikae mimi. Nitakusimulia."

Alikuwa amegeuzia uso wake dirishani, ingawa najua hakuwa akiona kitu.

"Kiti cha ndugu yako hicho, mama," alisema. "Na huko wanaume tu. Wee kaa gari."

Hasira zilinipanda hadi masikioni. "Basi huyo ndugu yangu na akusimulie."

Nilimshika mkono mpaka kwenye kiti chake, nikamketisha, nikatoka bila kumtazama mtu. Mechi yote alikaa peke yake, uso mbele, akisikiliza magongo yakigongana. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na mara mbili tatu nilimwona akiweka mkono juu yake kisha akiuondoa. Tulifunga mawili siku ile. Magari yote yakapiga honi, mimi sikupiga.

Njiani aliniuliza, "Honi imeharibika?"

"Imeharibika," nikasema.

"Ipeleke kwa fundi Jumamosi," alisema, na hatukuongea tena mpaka nyumbani. Sikumwomba radhi, si siku ile wala baadaye. Nilidhani nina muda wa kutosha, na nilitaka kwanza na yeye aumie kidogo.

Alifariki kabla ya msimu wa tisa kuanza, figo, wiki mbili tu hospitalini. Vitabu viwili vipya alikuwa ameshavilipia. Nilivikuta chini ya mto wake. Kaka alikuja safari hii. Alifika mazishi yamekwisha, kama ilivyo kwetu maiti hasubirishwi, akakaa matangani na wanaume siku tatu, amenenepa, analia kweli. Sikuweza kumchukia. Siku ya nne nilimwonyesha vitabu.

"Nitavifanyia nini mimi?" alisema. "Viuze, dada." Akarudi kwa watoto wake.

Nilivipeleka kwa fundi cherehani dukani kwake, nyuma ya soko. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninauza vitabu vizima, vyote viwili, na sikuwa na sharti la kumwekea. Alivishika muda mrefu bila kuvifungua, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni mwake.

"Ukitaka, ami, viwili kwa bei ya kimoja. Mimi sivihitaji."

"Na wewe, mwanangu? Siku hizi wanawake waingia. Chukua kile cha ndugu yako, ukae na mimi."

Nilimwambia hapana, kwa ukali nisiokusudia. Nilimwambia kile kiti baba hakutaka nikikalie alipokuwa hai, kwa hiyo sitakikalia kwa sababu amekufa. Kilikuwa cha mwanawe wa kiume, na mwanawe wa kiume amesema kiuzwe.

Fundi akaviweka vitabu juu ya mashine. "Nani kakwambia hakutaka?"

"Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Mimi aliniambia vingine," alisema. "Nilimuuliza, mzee, huyu mtoto wako yuko Uingereza, kwa nini wamlipia kiti? Akanambia, 'Fundi, nikinunua kimoja, pembeni yangu atakaa mtu na watu hawatauliza. Nikinunua viwili na cha pili nikampa binti yangu, Al Qabil nzima itasikia kabla ya magharibi. Mimi sina ubavu wa maneno yale mara ya pili. Lakini nikisema ni cha mwanangu, kinabaki chetu. Labda watu watabadilika, akikalie yule anayekijua mchezo.' Akakuonyesha kwa kidole, mule garini."

Nilidhani ananisimulia maneno ya mzee mgonjwa, ya msimu wa mwisho, ya mtu aliyejutia siku niliyomwacha peke yake.

"Alikwambia lini, ami?"

"Mechi ya kwanza kabisa uliyoniuzia," alisema. "Msimu wa kwanza."

Sikumbuki nilimuaga vipi. Nakumbuka nimekaa garini nyuma ya soko, injini haijawashwa, jua la saa nane linanichoma mapaja, na ninahesabu Alhamisi. Misimu minane baba yangu alitaka nikae pembeni yake, na misimu minane mimi nilitaka kukaa hapo, na kila wiki, baada ya adhuhuri, ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikikiuza kile kiti.