Kona ya Nne ya Kitambaa cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Tahadhari, naye hakukana. Alikuwa mtu wa kuzima jiko, kufunga mlango, kisha kurudi kutoka njia panda kuhakikisha jiko limezimwa na mlango umefungwa. Ukikalia stuli yake, atakuuliza kwanza kama umeikagua miguu. Mumewe, fundi saa, alizoea kusema mkewe anaogopa hata kivuli cha ngazi, maana nacho chaweza kumwangukia mtu.

Basi mtu huyo ndiye ambaye mama mkwe wake alimkabidhi kitambaa cha meza. Bibi wa watu alikuwa amekifuma kwa kulabu miaka na miaka, maua ya kijani yaliyoshikana mikono, akikificha sandukuni kwa sababu hakupenda watu waone kazi ambayo haijaisha. Alipomaliza kona ya tatu, vidole vikaanza kutetemeka. Akasema, "Mke wa mwanangu, malizia wewe. Mkono wako umetulia."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ukoo ule kwa mtu yeyote kusema Mama Tahadhari ana kitu kilichotulia. Alilia hadi akapaliwa.

Wifi yake, dada mkubwa wa fundi saa, hakupendezwa. Huyu walimwita Mkaguzi, ila kwa kunong'ona.

"Mama angenipa mimi binti yake," alisema. "Haya, Jumapili nakuja kukiona. Kikiwa hakijaisha nakichukua, nampelekea fundi cherehani akipige lesi, yaishe."

Lesi ya dukani! Juu ya kazi ya mkono! Mama Tahadhari aliapa kitambaa hakitoki nyumbani mwake. Tatizo ni kwamba uzi wa kijani ulimwishia pale pale kona ya nne ilipoanza. Alizunguka maduka yote. Akakuta kijani cha ndimu, kijani cha sare za askari, kijani cha chupa. Kijani cha mama mkwe hakikuwepo. Akarudi na madonge ya uzi mweupe.

"Mweupe?" akauliza mumewe.

"Nitautia rangi."

"Wewe? Wewe unayeogopa kuchanganya soda mbili kwenye glasi?"

Mama Tahadhari alikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wa kitindamimba wake, binti wa darasa la tano, akatoa kisanduku cha rangi za maji na pakiti ya kalamu za rangi.

"Mama! Hizo ni za somo la sanaa!"

"Na hiki ninachofanya ni nini? Hesabu?"

Kabla ya kuanza, alifungua madirisha, akamtoa paka nje, akavaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa mipira ya kubania nywele. Akatangaza: asiguse mtu, asionje mtu, asinuse mtu. Kwa kibano cha mumewe cha kushikia vyuma vya saa, alizichomoa kalamu za kijani matumbo yao yaliyolowa wino, akayaloweka kwenye kopo la maziwa lenye maji ya moto, chumvi na siki. Rangi za maji akazikorogea kwenye trei ya mayai, bluu tundu hili, njano tundu lile, kwa mswaki uliostaafu. Akamimina vyote pamoja.

Fundi saa alichungulia. "Chura mgonjwa."

Akaongeza njano.

"Chura anapata nafuu."

Akaongeza tena, akachovya kipande cha uzi na kukilinganisha na kitambaa. Mwenyewe akatabasamu. Kilikuwa kijani chenyewe, utadhani mapacha.

"Mama, si uufungue uzi kwanza ndiyo uloweke?" binti akauliza.

"Niufungue usokotane? Uzi ukijifunga fundo, hata jini atarudisha mikono nyuma. Nenda kasome."

Akayatumbukiza madonge mazima mazima, kama mayai ya kuchemsha. Kisha akayatia kwenye soksi ndefu na kuining'iniza kwenye kamba ya uani, juu kabisa ya kiti ambacho mumewe hupumzikia mchana. Fundi saa aliamka na kipara chenye madoa ya kijani. Wateja wake walimpa pole hadi jioni, na mmoja akahamisha kiti.

Jumamosi Mama Tahadhari alikaa kufuma. Mstari wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Akaanza kuimba. Kwenye ua la tatu akanyamaza, akausogeza uzi dirishani. Kijani kilikuwa kinamkimbia. Kila donge lilivyozidi kufunguka ndivyo lilivyozidi kupauka, na moyoni mwake lilikuwa jeupe kama lilivyotoka dukani. Rangi ilikuwa imeingia kama mgeni mwenye haya, ikaishia mlangoni.

Muda wa kurudia haukuwepo. Alifuma mpaka mwisho akiuma midomo, na kona ya nne ikatoka imefifia kama shati la mzee.

Jumapili Mkaguzi aliingia, akavaa miwani, akainama juu ya meza. Mama Tahadhari alisimama nyuma yake akihesabu pumzi. Fundi saa alijifanya anatia saa ufunguo.

"Mh! Wifi, hizi kona tatu umezivutaje hivi? Ona hili ua, limekunja uso. Na rangi inapiga kelele." Kisha akafika kona ya nne. Sauti ikamlainika. "Lakini hapa... hapa ndipo mkono wa mama yangu. Tazama rangi ilivyochoka na miaka. Tazama ulaini huu. Mkono kama huu haujazaliwa tena."

Saa ilimponyoka fundi saa.

Machozi yakamtoka Mkaguzi. Akainua ile kona iliyopauka, akaanza kujifutia. Kijani kikamwenea shavuni.

Mama Tahadhari angeweza kunyamaza. Kitambaa kilikuwa kimeshapona! Lakini aliona rangi inasogelea jicho, na hofu ikamshinda akili.

"Wifi, acha! Hiyo ni rangi ya kalamu za shule! Utapofuka!"

Mkaguzi akashusha kona polepole.

"Kwa hiyo hii ni yako."

"Ni yangu."

"Na hizo tatu nilizosema..."

"Za mama."

"Hilo lililokunja uso?"

"Mama alilipenda kuliko yote," fundi saa akasaidia.

Mkaguzi aliomba sabuni. Alisugua, akasugua, kijani kikatawanyika tu, kikafika kidevuni. Hatimaye akajitanda mtandio mpaka puani, akachukua mkoba.

"Kitambaa kinakaa hapa. Na mama asisikie neno."

"Na fundi cherehani je?" Mama Tahadhari akauliza kwa woga.

"Fundi cherehani gani?" akasema Mkaguzi, akatoka, akafungua mwavuli na kuushusha hadi mabegani, ilhali jua lilikuwa linawaka na mvua hata harufu yake haikuwepo.